Chomoa Chaja Kwanza

Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimekwama na mngurumo. Kihisi nilichokuwa nimekiunganisha na kompyuta kilileta data safi, ila juu yake ilikalia sauti ya 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ule mngurumo wa umeme wa ukutani ambao kila aliyewahi kushika kipaza sauti anaujua. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za vichujio, hesabu za kuondoa mitetemo usiyoitaka kwenye wimbi, na kichwa kimenijaa. Nikaandika kwenye baraza moja la mtandaoni la watu wa fani hii: nahitaji kichujio cha kukata 50 Hz peke yake, chembamba kadiri inavyowezekana, nisaidieni vigezo vyake. Nikaweka hesabu zangu, nikaweka na grafu, nikajiona mhandisi.

Jibu la kwanza halikuwa na hesabu hata moja. Mtu nisiyemjua, na hadi leo simjui, aliandika: "Hiyo laptop inachajiwa sasa hivi? Chomoa chaja kwanza, halafu upime tena."

Nilikereka. Nikachomoa. Mngurumo ukatoweka.

Nimekuwa nikilifikiria jibu lile kila ninapopita kwenye mabaraza ya aina hiyo siku hizi, kwa sababu yamepoa. Unakuta swali limekaa wiki tatu bila mtu kuligusa, mada zinaanzishwa na watu walewale watano au sita, na pale palipokuwa na ubishi wa kukesha sasa pana matangazo ya kamari. Mengi hayajafungwa. Unaweza kuingia, unaweza kuandika, hakuna atakayekuzuia. Hakuna atakayekujibu pia.

Kwa asiyeijua fani yenyewe: uchakataji wa ishara za kidijitali, ambao wenyewe huuita DSP kwa kifupi, ni kazi ya kuchukua sauti, picha, mawimbi ya redio au mapigo ya moyo, kuyageuza kuwa namba, kisha kuzifanyia namba hizo hesabu ili zitoe kitu: kelele ipungue, sauti isikike, ujumbe usomeke. Ni fani ya hisabati, lakini hisabati inayoishi jirani na nyaya, na hapo ndipo utamu na balaa yake vilipo.

Kuhusu kupoa huku nasikia maelezo mawili. La kwanza ni kwamba fani imezeeka, dunia imehamia kwenye akili mnemba. Hili halina mashiko. Simu ya 4G inayopokea data mfululizo kwenye mkanda wa 20 MHz hufanya FFT ya pointi 2048 kiasi cha mara 14,000 kila sekunde, na mwenye simu hana habari. FFT ndiyo ile njia ya mkato ya kupata masafa, yaani kasi za mitetemo, yaliyomo ndani ya wimbi. Cooley na Tukey waliichapisha 1965, ingawa Gauss alikuwa ameichora kwenye karatasi zake tangu 1805. Hata hiyo akili mnemba yenyewe: Whisper, mfumo wa OpenAI wa 2022 unaogeuza sauti kuwa maandishi, hauanzi na mtandao wa neva, ile sehemu inayojifunza kwa mifano. Unaanza kwa kuchukua sauti ya sampuli 16,000 kwa sekunde, yaani iliyopimwa mara 16,000 kila sekunde, kuikata vipande vya milisekunde 25 kila baada ya milisekunde 10, kukipitisha kila kipande kwenye FFT na kukipanga katika mikanda 80 ya masafa. Ni DSP tupu, ya kitabuni kabisa. Mtandao wa neva unapofungua macho, kazi ya kwanza imeshafanyika.

Maelezo ya pili yana ukweli zaidi: watu wanaiuliza mashine. Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la PNAS Nexus uliilinganisha Stack Overflow, baraza kubwa la maswali ya waandishi wa programu, na majukwaa ya Kirusi na Kichina, ambako ChatGPT haikupatikana kirahisi, ukakadiria kwamba shughuli za Stack Overflow zilishuka kwa takriban robo ndani ya miezi sita tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022. Sina sababu ya kudhani kwamba mabaraza ya DSP yalisalimika. Ila anayesema yote yaliletwa na mashine hakuwepo. Kundi la comp.dsp katika Usenet, mfumo wa makundi ya majadiliano uliotangulia wavuti, ambalo kwa wengi wetu lilikuwa chuo cha pili, lilikuwa limekonda muda mrefu kabla ya hapo. Google Groups, mlango ambao wengi waliyasomea makundi hayo, ilipoacha kupokea na kutuma ujumbe mpya wa Usenet tarehe 22 Februari 2024, iliuacha mji ambao wakazi wengi walikuwa wameshahama, na uliokuwa umefurikwa na spamu.

Kwa hiyo kuna kitu kilianza zamani, na mashine imekuja kukimalizia. Kukijua kitu hicho ni muhimu kuliko kuhesabu maswali, kwa sababu kinaeleza kwa nini baadhi ya kimya hiki ni cha heri na baadhi yake ni hasara.

Mafanikio ndiyo yaliyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Texas Instruments ilipotoa chipu ya TMS32010, mhandisi alikabidhiwa maneno 144 ya kumbukumbu ya data, kila neno biti 16, na hapakuwa na namba za desimali zinazoelea. Kichujio kilichokuwa kitulivu kwenye karatasi kikiingia kwenye chipu kiliweza kuanza kuimba chenyewe bila kuingiziwa chochote, kwa sababu ya makosa madogo ya kukadiria namba yaliyokuwa yakizunguka ndani yake bila kufa. Hukuweza kuyajua hayo kwa kusoma tu. Ulihitaji mtu aliyeungua kabla yako akwambie: zidisha kwa nusu hapa, panga hatua zako kwa mfuatano huu, usiamini biti ya mwisho. Mabaraza yalijaa kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kunyang'anyana nafasi ndani ya chipu.

Leo chipu ndogo ya bei ya chini ina kitengo cha namba zinazoelea ndani yake, na algoriti ya Parks na McClellan ya kubuni vichujio, iliyotoka 1972 ikisafiri kama programu ya Fortran, imekuwa mstari mmoja wa msimbo. Swali lililokuwa likiamsha mjadala wa siku tatu halipo tena. Hilo siliombolezi hata kidogo. Ni kama kuomboleza kwamba hatuchoti tena maji kisimani kwa kamba.

Tena msingi wa fani haubadiliki. Sharti la sampuli, kwamba ili uunase wimbi lazima uchukue sampuli kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu, lina wazazi kadhaa: Nyquist 1928, Kotelnikov 1933, Shannon 1949. Halijahaririwa tangu hapo. Swali likishajibiwa vizuri mwaka 1998, jibu ni lilelile leo, na injini ya utafutaji inalileta bila kumsumbua mtu. Fani ya namna hii lazima ifike mahali maswali ya kawaida yakaisha. Baraza la lugha mpya ya programu haliishiwi maswali kwa sababu lugha inabadilishwa kila baada ya miezi kadhaa; baraza la DSP lilikuwa na adui wa ajabu, yaani majibu yake mwenyewe mazuri.

Sasa nije kwenye hasara, na nitaieleza kwa swali moja ambalo nimeliona kwa sura nyingi.

Mgeni anaandika: nimerekodi sauti ya 440 Hz kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, nimepitisha sampuli 1024 kwenye FFT, kilele kinatokea kwenye 430.66 Hz. Kosa langu liko wapi?

Kwa upande wa hesabu, hana kosa. Gawa 44,100 kwa 1024 upate 43.07; huo ndio upana wa kila kapu ambamo FFT hutia nguvu ya wimbi. Kapu la kumi liko 430.66, la kumi na moja liko 473.73. Sauti yake ya 440 imeangukia kati ya makapu mawili, nguvu ikamwagika kwa jirani, nyingi zikabaki kwenye kapu la karibu. Jibu la kitabuni ni rahisi: chukua sampuli nyingi zaidi, tumia dirisha linalofaa, yaani fifisha kingo za kipande kabla ya FFT, kisha kadiria kilele kwa kutazama makapu ya pembeni. Kila neno hapo ni sahihi.

Mkongwe wa barazani, ninayemfikiria, hasemi hayo kwanza. Anauliza: "Unatengeneza kifaa cha kukazia nyuzi za gitaa?" Ameshtuka kwa sababu ya ile 440, sauti ambayo wanamuziki hupimia. Na kama jibu ni ndiyo, basi swali zima linabadilika. Kutoka 440 kwenda nusutoni inayofuata ni 26 Hz tu. Kapu lenye upana wa 43 halitofautishi nota na jirani yake, sembuse nota iliyolegea kidogo. Ukifuata ushauri wa kuongeza sampuli hadi kapu liwe na upana wa theluthi mbili za hezi, utahitaji sampuli 65,536, ambazo ni sekunde moja na nusu ya kusubiri kila unapogusa uzi. Mpiga gitaa atakitupa kifaa hicho dirishani. Njia ya maana ni kuachana na FFT ya moja kwa moja na kulilinganisha wimbi na nakala yake iliyocheleweshwa, hadi uone linajirudia baada ya muda gani. Mgeni alikuja kuomba FFT bora, akaondoka bila FFT.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kwamba mara nyingine swali lenyewe ndilo lenye ugonjwa, na kwamba kulijibu ni kuukuza. Katika DSP hali hii ni ya kila siku, kuliko fani nyingi ninazozijua, kwa sababu jibu linategemea mambo ambayo muulizaji hajui kwamba yanahusika: kihisi ni cha aina gani, kabla ya kuwa namba wimbi lilipita wapi, je, matokeo yanatakiwa papo hapo au kesho, na nani atayasikiliza. Mimi sikutaja chaja kwa sababu sikujua kwamba chaja ni sehemu ya tatizo. Ningejua, nisingeuliza.

Nimeijaribu mashine kwa swali lile la 440, kwa maneno tofauti tofauti. Nitaitendea haki: inajibu kwa utaratibu, kwa adabu, na kuhusu makapu na madirisha inajibu vizuri kuliko wahadhiri kadhaa niliowapitia. Ukiiambia kwamba unatengeneza kifaa cha kukazia nyuzi, itakuelekeza njia ileile ya mkongwe. Ukinyamaza, kwa kawaida inakuamini. Inachukua swali lako kama ulivyolivisha na kulihudumia. Anayejua la kuiambia amekwishavuka nusu ya mto. Aliyeko ukingoni ndiye anayeachwa.

Na si kila kosa hujitangaza kwa kilele kilichohama. Mwangalie huyu: ana rekodi za sampuli 48,000 kwa sekunde, mfumo anaoufundisha unataka 16,000. Anagawa, anapata tatu, basi anachukua sampuli moja na kuruka mbili, moja na kuruka mbili, hadi mwisho wa faili. Msimbo unakubali. Urefu wa faili ni sahihi, maneno yanasikika. Lakini kwenye sampuli 16,000 hakuna nafasi ya masafa yanayozidi 8,000 Hz, na masafa hayo hayafi kwa kukosa nafasi, hujikunja. Mluzi wa 10,000 Hz uliokuwa huko juu, pengine wa feni au wa taa, sasa umekaa 6,000 Hz, eneo lenye sauti za s na sh, na hesabu yoyote itakayofuata haitajua kwamba haukuzaliwa pale. Alitakiwa kuchuja kwanza, kisha ndipo aruke. Maktaba yoyote ya programu inayojiheshimu ina amri inayofanya yote mawili pamoja, lakini lazima ujue kwamba kuna la kutafuta. Zamani mtu huyu angefika barazani akilalamikia kitu kingine kabisa, kwamba mfumo wake hausikii vizuri herufi s. Na mtu mmoja asiye na haraka angemuuliza: sampuli umezishusha vipi?

Siku hizi mfumo unafundishwa hivyohivyo, unapata alama za kuridhisha, unaingia kazini.

Kuna sababu nyingine ya kimya ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kwamba wakazi waligawana mji. Watu wa redio walijengewa makazi mapya: GNU Radio, programu huria ya kuunda redio ndani ya kompyuta, ilianza 2001, na 2012 ilipobainika kwamba kijiti cha USB cha kutazamia televisheni kinaweza kugeuzwa kipokezi cha redio cha masafa mapana, maelfu walimiminika, wakaenda moja kwa moja kwenye vyumba vya redio. Wa muziki wana vyumba vyao, vingi vikiwa Discord, jukwaa la vyumba vya gumzo, ambako mazungumzo ya jana hayatafutiki kwa injini yoyote ya nje na ya mwaka jana ni kama hayakuwahi kutokea. Wa picha walihama mapema. Wa matamshi wakaingia kwenye akili mnemba, na wengi wao leo hawajiiti watu wa DSP. Ukijumlisha vyumba vyote hivyo, pengine watu ni wengi kuliko wakati wowote. Kilichovunjika ni njia panda.

Thamani ya njia panda inaonekana kwenye kipaza sauti cha simu yako. Vipaza sauti vidogo vya kidijitali hutoa mkondo wa biti moja moja kwa kasi kubwa mno, na ili upate sauti ya kawaida lazima mkondo huo ushushwe. Kichujio kinachotumika sana kwa hatua ya kwanza ya kazi hiyo hakina kuzidisha hata kumoja, ni kujumlisha na kutoa tu. Hogenauer alikieleza 1981, na watu wa redio wamekitumia miaka nenda miaka rudi kushusha kasi ya sampuli. Palipokuwa na baraza moja, mtu wa muziki aliyekuwa akihangaika na kipaza sauti chake alijibiwa na mtu wa redio ambaye kwake jambo hilo lilikuwa la asubuhi tu. Leo kila mmoja yuko chumbani kwake, na mwenye jibu hajui kwamba kuna anayelihitaji. Nashangaa tunavyoisifu mitandao kwa kuunganisha watu huku imewapanga hivi kwa rafu, kila bidhaa na kabati lake.

Kuna na wale wasiouliza kabisa. Mimi niliuliza maswali kama kumi maishani mwangu. Niliyosoma ya wengine ni maelfu. Elimu yangu nyingi niliipata kwa kusikiliza wakubwa wakigombana. Palikuwa na ugomvi wa kudumu kuhusu kama FFT inachukulia kwamba kipande cha wimbi ulichoipa hujirudia milele, au kama hiyo ni tafsiri tu ya anayeitazama. Ugomvi huo ulikuwa unarudi kila baada ya muda kama homa, majina yaleyale, hasira zilezile, na haukuwahi kuisha. Palikuwa na wengine waliokuwa hawawezi kusamehe kwamba MATLAB, programu ya hesabu inayotumika sana katika fani, inaanza kuhesabu na moja badala ya sifuri. Ukimsoma mtu akitetea jambo kwa mara ya tano mbele ya mpinzani anayejua, unajifunza kitu ambacho jibu safi halikupi: unaona mahali ambapo jambo lenyewe ni jembamba, ambapo wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana. Jibu la mashine huja limepigwa pasi. Mikunjo ndiyo iliyokuwa darasa.

Nisije nikaonekana napaka rangi. Mabaraza yale yalikuwa na ukatili wake. Mwanafunzi aliyeleta swali lenye harufu ya kazi ya darasani aliaibishwa mbele ya watu, hata pale ambapo alikuwa amekwama kwa nia njema. Asiyeandika Kiingereza vizuri alisahihishwa sarufi kabla ya hesabu. "Tafuta kwanza" lilikuwa jibu lililokubalika, na lilimaanisha "ondoka". Wengi waliofukuzwa hivyo hawakurudi, na sasa wana mahali pa kwenda ambapo hapawachoki: mashine itaeleza kwa mara ya mia kwa nini kuongeza sifuri mwishoni mwa sampuli hakuleti habari mpya, na haitaguna. Wakongwe wanaolalamika kwamba vijana hawaji tena wajiulize waliwapokea vipi. Baraza halikufa kwa baridi ya nje peke yake.

Hata hivyo katika mabishano hayo palizalishwa vitu. Mfano ninaoupenda ni formula za vichujio vya kusawazisha sauti, zile za kupandisha besi au kupunguza sauti kali. Mhandisi mmoja aliziandika pamoja katika faili la maandishi matupu, lisilo hata na picha, likazunguka kwa miaka miongoni mwa watunzi wa programu za muziki. Hakuna jarida lililoliomba, hakuna aliyelipwa. Leo kichujio kilichomo ndani ya kivinjari chako, katika sehemu ya Web Audio, kinatumia formula hizo, na mwaka 2021 W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, iliuchapisha waraka huo rasmi. Kutoka faili la watu wa kukesha hadi kwenye mabilioni ya vivinjari. Najiuliza faili la namna hiyo likiandikwa leo litawekwa wapi ili lionwe na watu mia wanaoweza kulikosoa.

Na hapa ndipo tatizo linapogusa hata wale ambao hawajawahi kulikanyaga baraza. Mashine zinazojibu leo zilijifunza kwa kusoma maandishi ya watu, na mijadala ya wazi ni sehemu ya maandishi hayo. Kwa mambo ya Shannon hilo halina shida; yalishaandikwa yakakamilika. Shida iko kwenye mambo yanayozaliwa sasa. Chipu ya RP2040 ilipotoka 2021, watumiaji waliokipima kibadilishaji chake cha analojia kwenda dijitali, sehemu inayougeuza umeme wa kihisi kuwa namba, walikuta kwamba katika sehemu nne za kipimo chake namba haziendi kwa hatua sawa. Zinasimama kidogo kisha zinaruka. Waliweka grafu hadharani, na kasoro hiyo sasa imeorodheshwa kwenye hati rasmi ya chipu kwa jina la E11. Mtu asiyeijua kasoro hii atakesha akihangaika na kichujio huku ugonjwa uko kwenye silikoni. Alihitajika mwenye oskiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, muda, na mahali pa kusema "ninyi pia mnaliona hili?" Wenye oskiloskopu bado wapo. Ila anayegundua kasoro leo akiwa anazungumza na mashine peke yake usiku, akapata njia ya kuikwepa, akafunga dirisha, atakuwa ameitatua kwa ajili ya mtu mmoja. Wa pili ataianza upya.

Ninaowajua katika fani wamenipa tiba nyingi: warudishe orodha za barua pepe, wafungue chumba kimoja kipya, watoze ada, waondoe ada. Siziamini sana, kwa sababu zote zinashughulikia jengo. Kilichowaleta watu hakikuwa jengo, ilikuwa shida, na shida sasa inapata nafuu ya haraka mahali pengine. Naiamini tabia moja ndogo zaidi, ya kumalizia hadharani: ukitatua jambo, kwa msaada wa mashine au wa jirani, andika lilikuwa nini hasa, ukiwemo upuuzi ulioanza nao. Swali langu la kichujio cha 50 Hz lina faida kwa wengine kwa sababu moja tu, kwamba chini yake niliandika, kwa aibu, kwamba ilikuwa chaja.

Juzi nimepita tena kwenye moja ya mabaraza hayo. Nikakuta swali la mwaka mmoja na miezi miwili, halina jibu. Mtu ana mngurumo wa 100 Hz kwenye data yake, anaomba kichujio chembamba kadiri inavyowezekana, ameweka na grafu. Grafu nzuri, ya mtu aliyejitahidi. Nikaitazama kwa muda. Mia, haikuwa hamsini: umeme wa 50 Hz ukipita kwenye saketi inayozipindua nusu za chini za wimbi ziwe juu, mabaki yake hutoka kwa 100. Kwa hiyo huenda haikuwa waya uliokaa vibaya; huenda ni kile kinacholisha bodi yenyewe.

Nikaandika: "Ndugu, hiyo bodi yako inapata umeme kutoka kwenye nini?"

Hajarudi. Taarifa za mada ile sijazizima.